Kijiko cha Kwanza Nilikinywa Mimi

Bwana asifiwe, ndugu zangu, asifiwe na kila mwenye pumzi kifuani na mate mdomoni!

Mimi ni M'Byamungu, binti wa Byamungu wa Katana, mjane, mkaaji wa mtaa wa Cimpunda. Shule sikuingia hata siku moja. Maneno haya nayasema kwa kinywa changu, na anayeyaandika ni mjukuu wangu Nsimire, ambaye atayasoma mbele ya shirika letu la sala kwa sababu macho yangu hayajui herufi. Nimemkataza kupunguza neno, na nimemkataza kuongeza neno. Yeye mwenyewe ndiye mtoto nitakayemsema humu, kwa hiyo mtamwona amesimama mbele yenu kwa miguu yake miwili, huku mkisikia jinsi alivyokaribia kuzikwa. Sauti yake ikitetemeka, msimwonee huruma. Nimemlea kumaliza kazi aliyoianza.

Ndugu zangu, kabla ya vita vya kwanza kufika hapa Bukavu, nilikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wanawake wabebaji. Tulikuwa wanawake kumi na wanane, tukipokea magunia ya muhogo na ya makala, yaani makaa ya kupikia, kutoka kwenye mitumbwi, na kuyapandisha kutoka ziwani mpaka soko la Kadutu. Wanaoijua njia ile wanajua ninachosema. Inasimama kama ngazi, na mvua ikinyesha udongo wake unateleza kama sabuni. Gunia hukaa mgongoni, kamba yake hupita kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayovuta. Wanaume wenye vifua vipana walituona tunakuja, wakatupisha. Sisemi hayo kwa kujisifu. Au tuseme kweli mbele za Mungu: ninajisifu, kwa maana mgongo huu ndio uliowalea watoto wangu baada ya baba yao kufariki, na haujawahi kuomba mtu msaada.

Kapita aliyenitangulia aliniachia sheria moja, nami niliishika kwa nguvu kuliko nilivyoishika rozari yangu: mbebaji hanywi maji njiani. Tulisema kwamba maji hulegeza magoti, na kwamba anayekunywa katikati ya mlima, mzigo utamrudisha chini. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchoma, mchana kipande kingine, na maji yalikuja baada ya gunia la mwisho. Ulimi ukikauka, unameza mate. Mate yakiisha, unameza kiburi.

Sheria hiyo niliiingiza pia ndani ya nyumba yangu. Mtoto akihara, nilimfungia maji ili tumbo likauke. Mwanangu Bahati alikuwa mchezaji wa pembeni katika timu ya vijana wa mtaa wetu, mwenye mbio ambazo hata wapinzani walizipigia makofi. Nilimfundisha kucheza mchezo mzima bila tone moja kupita kooni. Alipotoka uwanjani midomo imepasuka na macho yameingia ndani, nilimpigia vigelegele nikasema: huyu ndiye mwana wa mbebaji!

Mwaka mmoja kabla ya vita, msichana wa kundi letu, jina lake Mapendo, alishusha gunia lake katikati ya mlima, akatoa chupa ndani ya kitenge, akanywa. Mbele yangu! Nikamuuliza mbele ya wote:

«Weye, uko mubebaji ao uko bata?»

Wanawake walicheka mpaka kamba zikawatoka kwenye paji. Mapendo akafuta mdomo taratibu, akanijibu:

«Maman kapita, ata bata iko nafika.»

Siku hiyohiyo nilimwondoa katika kundi. Nilimwondoa kwa sababu alikunywa, na nilimwondoa zaidi kwa sababu alinijibu, na ya kwamba siku hiyo gunia lake lilifika sokoni kabla ya langu, sikumwambia mtu.

Kisha vita vikafika Bukavu. Milio yake sitaieleza. Masikio yenu yanayo. Tulitoka nyumbani watu wanne: mimi, mwanangu Bahati, mke wake Furaha, na binti yao Nsimire, aliyekuwa na miaka mitano. Tulishika njia ya milima ya Kabare pamoja na umati wa watu wenye magodoro, sufuria, mbuzi na wagonjwa. Bahati alibeba mfuko wa unga mgongoni, na juu ya mfuko akamkalisha mtoto. Mimi nilitangulia. Siku ya kwanza tuliwapita watu wote tuliowakuta mbele yetu, na moyo wangu ulijaa fahari hata katikati ya hofu. Kila tulipovuka kijito, nilinyoosha mkono kuwazuia.

«Tutakunywa tukifika,» nikawaambia.

Furaha akaniuliza kwa adabu: «Tukifika wapi, maman?»

Hakuna mtu katika umati ule aliyejua tunakwenda wapi. Lakini badala ya kukiri hivyo, nilitembea kwa haraka zaidi.

Siku ya pili, asubuhi, Nsimire alianza kuhara. Jua lilipopanda, kilichotoka kilikuwa maji matupu, meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Nikatoa amri yangu. Furaha alinifuata nyuma akinisihi:

«Maman, mutoto iko naomba maji.»

«Maji njo inamuarisha! Funga.»

Na ili amri yangu isivunjwe nikigeuka, nilimshusha mtoto, nikaweka kidole mbele ya uso wake, nikamwambia mimi mwenyewe: «Usifungue kinywa kwa maji ya mtu yeyote, mpaka koko akuambie.» Koko ni mimi, bibi yake. Mtoto akaitika kwa kichwa. Ndugu zangu, sikilizeni vizuri, kwa maana hapo ndipo nilipomfungia mjukuu wangu mlango wa uhai, na ufunguo nikauweka mfukoni mwangu.

Hatukwenda mbali. Bahati alipiga kelele, mguu wake ukakakamaa, msuli wa nyuma ukasimama mgumu kama jiwe. Kabla hajaunyoosha, paja la mguu wa pili nalo likakaza. Yule kijana aliyekuwa akikimbia mchezo mzima akalala katikati ya njia kama mbuzi aliyefungwa miguu minne. Nyuma yetu silaha zililia. Watu wawili wema, ambao majina yao sikuyajua, waliuchukua mfuko wetu. Furaha akamweka mtoto mgongoni, nami nikamkokota mwanangu kwa makwapa mpaka kwenye kikanisa cha udongo kilichokuwa kando ya njia. Ndani mlikuwa na familia tatu zilizochoka kama sisi. Na mbele, karibu na altare, mwanamke amepiga magoti na kikombe mkononi, akimnywesha mtoto wa mtu mwingine kwa kijiko.

Alikuwa Mapendo.

Baada ya mimi kumfukuza, alikuwa amekwenda kukaa na shangazi yake aliyefanya kazi katika kituo cha afya, na huko alijifunza jambo ambalo mimi, kapita, nilikuwa silijui. Katika kukimbia kwake hakubeba godoro wala sufuria ya fahari. Alibeba bidoni, yaani dumu, la maji yaliyochemshwa, sukari katika kitambaa kimoja, chumvi katika kitambaa kingine, na kijiko kidogo. Aliponiona hakunitukana. Alimtazama mtoto tu. Akaja, akafunua nguo, akaibana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, akaiachilia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kunjo la kitambaa.

«Uone, maman,» akasema. «Ngozi imesimama. Macho imeingia. Iko nalia, lakini machozi haiko. Uyu mutoto hana maji mingi ndani. Maji njo imemuishia.»

Nami nilikataa! Andika, Nsimire: koko alikataa. Nilisema kwamba mimi nimebeba magunia tangu yeye hajazaliwa. Nilisema kwamba nimelea, na kwamba sitafundishwa na msichana. Maneno yalinitoka kwa wingi, na wakati huo wote mtoto alikuwa akikauka.

Furaha, ambaye hakuwahi kunipinga tangu siku nilipompokea kama mkwe, alichukua kikombe kutoka mkononi mwa Mapendo bila kuniomba ruhusa. Akajaza kijiko, akakileta kwenye midomo ya binti yake. Na mtoto akafunga mdomo. Mama yake akamwita kwa jina, akambembeleza, akalia. Mtoto akakaza midomo yake iliyopasuka, akageuza macho yake yaliyoingia ndani, akanitazama mimi.

Mwanangu Bahati, aliyekuwa amelala sakafuni ameshika mguu wake, akasema bila kupandisha sauti:

«Maman, iko nakungoja weye.»

Ndugu zangu! Mjukuu wangu alikuwa anakufa kwa utii. Sikuwa na adui wa kumlaumu. Askari hawakumgusa, njaa haikuwa imemfikia, maji yalikuwa mbele ya meno yake. Kilichosimama kati yake na uhai ni kidole changu mimi.

Kuna wanaosimulia kwamba Mungu aliwaita kwa sauti au aliwaonyesha mwanga. Mimi sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Nilichopata ni hiki: magoti yangu, ambayo kwa miaka mingi niliyalinda yasiguswe na maji, yalilegea yenyewe bila tone. Nilianguka mbele ya mtoto wa miaka mitano. Na nikiwa pale chini nilisema kwa sauti, ili wote walioko wasikie, na Mapendo asikie kwanza: «Sheria yangu ilikuwa uongo. Leo nimeiacha.»

Kisha nikachukua kijiko. Nikamwambia: «Nsimire, angalia koko.» Nikanywa kijiko cha kwanza mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa safarini, machoni pa watu. Yalikuwa na ladha ya machozi yaliyotiwa sukari kidogo. Nikameza, nikafungua kinywa aone kwamba nimemeza. Nikasema: «Sasa koko anakuambia. Fungua.»

Akafungua.

Nilimpa kijiko, nikangoja, nikampa kingine. Baada ya vijiko vichache akatapika vyote, nami mkono wangu ukataka kurudi kwenye sheria ya zamani. Mapendo akanishika kiwiko.

«Ungoje kidogo, maman, kisha uanze tena. Polepole. Haiko mashindano.»

Tulisali Baba Yetu na Salamu Maria mpaka tumbo likatulia, tukaanza tena. Kijiko baada ya kijiko. Mkono wangu uliokuwa ukiinua magunia sasa uliinua kijiko tu. Alipohara, tulimpa tena zaidi ya alichopoteza. Bahati naye alipewa kikombe, akanywa kwa mafunda madogo, Furaha akamnyoosha mguu taratibu, na ule msuli wa jiwe ukarudi kuwa nyama.

Jua lilipoanza kuinama, Nsimire alilia kwa sababu Mapendo alimwondolea kikombe ili akijaze. Alilia, na chozi lilishuka! Niliona chozi lile likipita shavuni, nikaligusa kwa kidole kilekile nilichomkatazia. Na haikupita muda, akakojoa juu ya mapaja yangu, kitenge changu chote kikalowa. Ndugu zangu, nilipiga vigelegele ndani ya kikanisa kile kama ndoa imefungwa! Watu waliokimbia makwao, wasiojua kama watalala salama, walicheka kwa sauti. Sijawahi kupakwa manukato yaliyonipendeza kama yale.

Mapendo akaketi karibu nami, akaniuliza kwa jicho la pembeni: «Sasa maman kapita, bata ni nani leo?»

Nikamjibu: «Ni mimi. Nipishe nioge.»

Hivyo ndivyo Bwana alivyonikomboa, kwa mkono wa mtu niliyemfukuza. Sifa ni zake!

Tuliporudi Bukavu na kazi ilipoanza tena, niliwakusanya wanawake waliobaki, nikamrudisha Mapendo, nikamweka mbele yangu katika mstari. Katikati ya mlima, kwenye kona pana ambapo hata mzigo unaweza kupumzika, tukaweka bidoni lenye kifuniko na kikombe chenye mkono. Sheria mpya: kila anayepanda anakunywa kabla ya kuondoka, na anakunywa kidogo kwenye kona, hata kama haoni kiu. Kiu ni mjumbe anayechelewa. Akifika, vita vimekwisha kuanza. Wazee wa njia walitucheka. Wakasema nimezeeka. Lakini tulipanda mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko zamani, na wanawake waliokuwa wakianguka kwa kizunguzungu wakati wa kiangazi hawakuanguka tena. Kicheko kikaisha chenyewe.

Tena, nimeitwa kuwaangalia wasichana wa mtaa wetu wanaokimbia na kucheza mpira, ambao Bahati anawafundisha. Vita vya pili vimetukuta na bado havijatuacha, lakini mtoto haachi kukua kwa sababu ya vita. Nawaambia ninyi ninachowaambia wao, na mkishike.

Siku ya mashindano usimpe mtoto mlima wa bugali akiwa anavaa viatu. Chakula kizito kiliwe saa tatu kabla ya mchezo, kipate muda wa kushuka. Akiwa na njaa karibu na mchezo, ndizi moja au uji mwepesi unatosha. Anywe kikombe nyumbani, anywe mafunda machache kila mapumziko, na akimaliza anywe tena na ale: maharagwe, sambaza wale dagaa wa ziwa letu, mboga ya lengalenga, nusu tunda la avoka. Sambaza mle na vichwa vyake. Msivitupe kama matajiri wasiojua. Aliyetoka jasho jingi, mchuzi wenye chumvi kidogo utamrudishia nguvu. Kasiksi si maji! Kijana anayesema pombe ya ndizi inampa mbio, mbio hizo zinampeleka mtaroni. Na kila mtu autazame mkojo wake bila aibu: ukiwa mwepesi kama rangi ya majani makavu, mwili una maji, ukiwa mweusi kama chai iliyokaa, kunywa. Misuli ikikaza kama ya Bahati, simama, kaa kivulini, nyoosha, kunywa. Hakuna kombe lenye thamani ya mtoto.

Kuna jambo la mayai. Ninyi Bashi wenzangu mnajua kwamba nyumbani kwetu yai lilikuwa la mwanaume, na msichana aliyeligusa alionekana hana malezi. Nami nililinda desturi hiyo kwa fimbo. Sasa nawapa wasichana mayai, tunapoyapata, sawasawa na wavulana. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alinikuta siku moja namenyea Nsimire yai, akashika kichwa.

«Musichana kula yai? Maman, tutaonekana namna gani?»

Nikamuuliza: «Shemeji, weye umekula mayai miaka yote. Uko na mbio gani?»

Alitazama tumbo lake, akakaa, akaomba chumvi. Na kwenye sikukuu ya parokia, mashirika yaliposhindanisha watoto kupanda kutoka barabarani hadi kanisani, mnajua wenyewe ni nani alifika wa kwanza kati ya wasichana. Hakufika akianguka, hakufika midomo imepasuka. Alifika akicheka. Andika hivyo, Nsimire, usiinamishe kichwa. Fahari inayomshukuru Mungu si dhambi.

Na kwa wenye watoto wadogo, sikieni kipimo, na wanaojua kuandika waandike. Lita moja ya maji yaliyochemka mpaka yakarukaruka, kisha yakapoa. Vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi, isizidi, maana chumvi ikizidi inadhuru. Onja: yasipite chumvi ya machozi. Mpe mtoto kidogo kidogo, na yaliyobaki jioni mwagia maua, kesho tengeneza mengine. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayekula aendelee kula. Lakini ukiona damu, au mtoto hawezi tena kunywa, au analegea na haitiki anapoitwa, usibaki nyumbani na kijiko. Mpeleke kituo cha afya, ukimnywesha njiani ikiwa bado anameza.

Ndugu zangu, nilitaka kumalizia hapo. Lakini anayeshuhudia nusu hajashuhudia.

Kabla ya Bahati nilimzaa mtoto mwingine, msichana. Jina lake lilikuwa Cishugi. Alipokuwa na miaka miwili alihara siku tatu, na mimi nikamfungia maji. Alionyesha mtungi kwa mkono, nikausukuma mtungi nyuma ya mlango ili asiuone. Siku ya nne tulimzika. Watu walipokuja kunipa pole, niliwaambia: Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Na tangu siku ile, ndani yangu, nilikuwa na kesi na Mungu. Nilikuja misani, nilipiga magoti, lakini nilikuwa namtazama kama mtu anayemtazama mwizi wake.

Siku ile katika kikanisa cha udongo, Nsimire alipolala usingizi mwema mikononi mwangu, nilielewa kwamba Mungu hakuwa ameniibia. Hilo ndilo lilikuwa jiwe kubwa kuliko magunia yote niliyobeba. Nililia kwa ajili ya Cishugi kwa mara ya kwanza. Nilimwendea padri, nikamwambia nilivyotenda na nilivyomsingizia Muumba. Nimesamehewa. Sasa nikisali, simtazami tena Mungu kwa jicho la mtu aliyeibiwa, namtazama kama Baba. Ndugu zangu, uhai wa Nsimire ni zawadi ambayo nimewaonyesha kwa fahari. Amani hii na Mungu ni zawadi ambayo sikuthubutu hata kuiomba.

Mjukuu wangu amesimamisha kalamu, kwa sababu jambo hili hakulijua. Nimemwambia aendelee.

Basi namshukuru Bwana aliyetoa maji kwenye mwamba, ambaye hakumnyima maji hata mtu mkaidi. Namshukuru Mapendo, aliyekaa katikati yenu, asimame mumwone. Nanyi mwaminini Mungu, lakini msimwekee mgongoni mzigo aliowapa ninyi mikono ya kuubeba. Msiseme «amri ya Mungu» juu ya jambo linaloweza kufanywa na kijiko.

Na kama kati yenu yuko mama au baba aliyeacha nyumbani mtoto anayehara, naye amemfungia maji kama nilivyofanya, asingoje tumalize sala. Ainuke sasa hivi. Hakuna atakayemcheka, nimekwisha kuchekwa kwa niaba yake. Njia ni fupi, maji yapo, mtoto anangoja neno lako. Nenda, ndugu yangu. Sisi tutabaki hapa tukimsifu Bwana mpaka urudi utuambie kwamba amekunywa.